Nife kwa Jina Langu

Majuzi Kaka Desi alifunga kibanda chake cha gemu, akanitumia ile mashine yake ya kwanza kwa bodaboda, ikiwa ndani ya mfuko wa mchele. Nilipoufungua mfuko, kabla macho hayajaona kitu, pua ilipata pumba za mpunga: zile kavu, zenye joto, zinazokaa kooni, zikichanganyika na plastiki iliyowahi kupata moto. Nilikaa sakafuni hapohapo. Nyie wa rika langu mliokulia Mpanda mtanielewa. Wasioelewa wavumilie, kwa sababu nimechoka kusikia watu wazima wakisema gemu ni mambo ya watoto wasio na kazi. Mimi lilinikuta sina kazi kweli, na sioni haya kusema kwamba ndilo lililonifundisha kukataa.

Kibanda kile kilishiriki ukuta mmoja na mashine ya kukoboa mpunga, na aliyeendesha mashine ya kukoboa alikuwa baba yangu. Pumba zilipenya kila tundu. Desi aliifunika mashine yake ya gemu kwa kitenge kama mtoto mchanga, na kila jioni aliifuta kwa mswaki mkavu. Kirungu cha kushoto cha pedi, kile cha kutembelea, kilikuwa kimelika na vidole gumba vya mji mzima, akakizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Lakini adui wetu mkubwa alikuwa umeme. Baba akivuta swichi yake kubwa ili mota ianze kuzunguka, umeme wa upande wetu ulishuka, televisheni ikafifia, na mashine ya gemu ikazima. Wavulana waliokuwa wanacheza mpira walipiga kelele, "Mzee kaua tena!" Baba hakuwasikia, maana aliziba masikio kwa pamba.

Baba aliniita Mama. Nilipozaliwa nilipewa jina la mama yake, ambaye alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kwetu mimi nilikuwa mama yake, na halikuwa jambo la utani. "Mama, naomba maji ya kunawa." "Mama, leo umepika?" Hata akinigombeza alisema, "Mama, na wewe umezidi sasa," kwa sauti ya mtu anayeogopa kidogo kujibiwa. Wazee wakija kutoka Usevya, kwenye shamba letu la mpunga, walinisalimia "mke wangu" na kuniuliza mbona sijawapokea mizigo. Wadogo zangu waliitwa kwa majina yao tu. Mimi nilikuwa na cheo, na nilikipenda cheo hicho kuliko nguo ya sikukuu.

Ile diski ya gemu lililonifundisha ilikuja kwa makosa. Desi aliagiza gemu jipya la mpira kutoka Dar, kasha likaja la mpira kweli, picha ya mchezaji juu, lakini ndani mlikuwa na gemu jingine kabisa: chombo cha angani kinaanguka kwenye sayari yenye mvua nyeusi, rubani anatoka na bunduki moja ndogo, na wadudu wenye taa za buluu tumboni wanamjia kutoka kila upande. Wavulana walilijaribu siku moja. Wakafa, wakaambiwa waanze mwanzo kabisa, silaha zote walizookota hazipo, na njia walizokuwa wameanza kuzikariri zimebadilika. Kilichobaki mkononi kilikuwa ufunguo mmoja wa kijani. "Gemu gani hili halina huruma?" wakasema, wakarudi kwenye diski yao ya mpira wa zamani.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza mtihani wa darasa la saba, nangoja matokeo. Mama yangu mzazi alikuwa Usevya anatayarisha shamba, na kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kumpelekea Baba chai na viazi vitamu. Wakati huo wavulana wako shule, na kibanda ni kitupu. Desi aliniona nachungulia mlangoni siku tatu mfululizo.

"We mtoto, unataka nini?"

"Yule wa angani."

"Yule anaua."

"Najua. Nimemwona."

Alicheka, akanipa pedi. Alisema mashine ikikaa bila kuchezwa inaharibika, bora nimsaidie kuitunza.

Nilikufa asubuhi nzima. Nilikufa nikikimbia, nikafa nimejificha, nikafa kwa kuanguka shimoni wakati naangalia nyuma. Na hapa ndipo akili yangu ya kitoto ilipopotoka. Kila nilipokufa, kioo kiligeuka cheusi, kisha likatokea jina jipya kwa herufi nyeupe: rubani mwingine. Mara Ana, mara Yuko, mara Mariselia au kitu kama hicho. Na ukipita mahali alipofia yule wa kwanza, unamkuta bado amelala pale, jina lake limeandikwa juu yake. Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba aliyekufa amekufa kweli, na kwamba mahali fulani msichana mwingine anaitwa kutoka kwao aje avae nguo ya marehemu aendeleze kazi. Niliwaonea huruma mno. Kuna mmoja nilimlilia, Desi akaniuliza kama vumbi limeniingia machoni, nikamwambia ndiyo.

Matokeo yalipotoka, jina langu halikuwamo kati ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Baba alisoma karatasi ile ukutani mara mbili, kidole kikishuka polepole, kisha akakunja kofia yake akaitia mfukoni. Tulipofika nyumbani alisema, "Mama, tutafanya mpango." Nilijua mpango upi. Nyie pia mnaujua, msijifanye watakatifu. Siku hizo, mtoto aliyefeli alipelekwa shule ya mbali, akaingizwa darasani kwa jina la mtoto mwingine aliyeacha shule, akarudia mtihani kwa jina hilo, na akifaulu anabaki nalo mpaka vyeti, mpaka kazini. Nina mjomba ambaye nyumbani ni Method na kazini ni Fabiani. Sijui msalaba wake utaandikwaje.

Mimi nilipatiwa jina huko milimani, Mwese, ambako binamu yake Baba alikuwa ameolewa karibu na shule. Jina lilikuwa Neema. Alikuwa ameacha darasa la sita, na nafasi yake daftarini ilikuwa wazi. "Neema ni jina zuri," Baba alisema. "Hata kanisani lipo." Aliongea kwa upole, na nisimsingizie: alifanya yale kwa kunipenda. Alikuwa na binti mmoja mkubwa na hakutaka aishie kwenye pumba kama yeye. Lakini mimi niliwaza kitu kimoja tu, nacho sikuweza kukitamka. Nikiwa Neema, ataniitaje? Bibi yangu alikuwa ameshakufa mara moja. Nilijua nikiliacha jina lake atakufa tena, safari hii kwa mkono wangu.

Nilimweleza Desi, kwa sababu Desi hakuwa ndugu. Wazazi wake walizaliwa kwenye makazi ya watu waliokimbia Burundi. Ukoo wao ulishapata uraia, lakini mtaani bado aliitwa Mrundi, naye aliitika bila hasira. Alinisikiliza huku anafuta pedi.

"Babu yangu alivyovuka," akasema, "aliogopa, akaandikisha jina la uongo. Si la baba yake, si la nani. Basi, siku ya kugawiwa majembe, karani anaita. Anaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Babu amekaa tu palepale mbele, anashangaa huyo mjinga anayeitwa yuko wapi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Jembe likaenda kwa mwingine. Msimu wa kwanza alilima kwa jembe la kuazima. Mpaka anakufa ukiliita lile jina la karatasi, hageuki."

Kisha akainama, akanionyesha kitu ambacho hata yeye alikuwa amekigundua wiki hiyo. Jina jipya likitokea kwenye kioo, ukibonyeza kitufe cha juu kabla ya kuendelea, zinakuja herufi, unafuta, unaandika unalotaka. Nikaandika langu. Mashine ilikubali herufi nane tu, nami jina langu lina kumi, likaishia SKOLASTI. Niliingia kwenye mvua nyeusi nikiwa Skolasti, na sikufika mbali, lakini nilipopita tena nikamkuta amelala kwenye mlango wa pango na jina la bibi yangu juu yake, sikulia. Nilihisi hasira nzuri, ile inayokufanya ukae wima. Kuanzia siku ile sikumruhusu Ana wala Yuko aje kufa kwa niaba yangu.

Hata hivyo Mwese nilikwenda. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anakataa kwa moyo, miguu inafuata. Baba alinipeleka kwa pikipiki, tukipanda vilima huku tope linarukia magotini, na begi langu la plastiki nimelikumbatia katikati yetu. Aliponiacha kwa yule shangazi, alinishika kichwa, akaanza kusema, "Haya, M—" akanyamaza. Watu walikuwepo. Akasema, "Haya, Neema. Soma." Nilimtazama mpaka pikipiki ikapotea kwenye kona, na nilimchukia kwa dakika kama tano.

Darasani mwalimu aliita majina kila asubuhi, na kila mtu aliitika "Nipo." Ikifika zamu yangu kulikuwa na kimya, jirani yangu ananikanyaga mguu, ndipo naitika. Mwalimu alikuwa mtu wa haki kwa mambo mengine na alijua kila kitu. Akanionya faraghani kwamba nikiendelea kuchelewa kuitika nitamponza yeye, nitamponza na baba yangu. Nikajizoeza njiani. Nilitembea nikijiita, Neema, Neema, na kujijibu. Na kichwani nilikuwa na picha moja: Neema mwenyewe amelala mahali fulani kwenye mlango wa pango. Niliamini amekufa. Hakuna aliyeniambia hivyo, lakini gemu lilikuwa limenifundisha jina jipya linatoka wapi.

Wiki ya tatu nilikuwa kisimani baada ya shule. Msichana mmoja, amenizidi kidogo kimo, mtoto mgongoni, alikuwa anajaza ndoo kwa kikombe. Alinitazama viatu, sare, uso.

"We ndo Neema?"

"Ndiyo."

"Na mimi."

Kikombe changu kilidondoka. Nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafunika uso.

"Kwani hujafa?"

Alicheka mpaka mtoto akaamka. "Nani kakwambia nimekufa? Nimezaa tu." Akamtikisa mtoto mgongoni kumbembeleza, kisha akauliza kama mwalimu, "Jaribio la hisabati umepata namba ngapi?"

"Ya ishirini na sita."

Hapo ndipo kicheko kilipoisha. Alifyonza meno. "Umenishusha. Mimi nilikuwa sishuki chini ya tano." Akajitwisha ndoo mwenyewe, bila kuniomba nimsaidie, na alipofika juu ya njia akageuka, shingo imenyooka chini ya maji. "Basi kaza. Usiniaibishe."

Siku hizo aliyezaa hakurudi darasani. Ndiyo ilikuwa sheria, na kila mtu aliipita kama unavyopita jiwe la njiani. Lakini mimi nililala na sauti ile. Hakunichukia! Angenichukia ningeweza kuendelea. Yeye alikuwa ananihimiza nilitunze jina lake kama mtu anayekuazima sufuria yake pekee, wakati yeye mwenyewe yuko pale, mzima, anajua hisabati, anachota maji hatua mia mbili kutoka kwenye dawati lake.

Asubuhi mwalimu akaita. "Neema."

Nikanyamaza. Jirani akanikanyaga.

"Neema!"

Darasa zima likageuka. Nilitaka kukojoa, sitaki kudanganya. Mara ya tatu nilisimama.

"Neema hayupo, mwalimu. Yuko kisimani anachota maji. Mumwite aje. Mimi naitwa Skolastika."

Mwalimu hakunichapa. Nafikiri angenichapa ningejisikia vizuri zaidi. Alifunga daftari, akaketi, akasema taratibu, "Toka, mwanangu, kachukue begi lako." Siku ya pili yake Baba alifika, hakushuka hata kwenye pikipiki. Njiani alisema sentensi moja tu: "Sikio la kufa halisikii dawa." Nyuma yake, nimeshika koti lake lililojaa vumbi, nilikuwa namjibu kimoyomoyo kwa kiburi kikubwa kwamba ndiyo, hili sikio limeshakufa mara nyingi na bado linasikia vizuri.

Sasa niwaambie nilichopata kwa ushujaa wangu. Neema hawakumwita. Mwaka uliofuata jina lake alipewa msichana mwingine, naye akafaulu nalo. Neema mwenyewe sikumwona tena, na sijui kama aliambiwa kwamba kuna siku mtu alisimama akasema yuko hai. Na Baba aliacha kuniita Mama. Aliniita "wewe." "Wewe, leta maji." "Wewe, fagia huku." Nilikuwa nimekataa kila kitu ili nilinde neno moja, na neno lenyewe ndilo nililonyang'anywa. Niliona uonevu mkubwa. Nilifagia pumba mashineni kwa Baba kutwa nzima, nikajaza magunia, nikakohoa, na asubuhi kazi ikiwa bado haijachanganya nilipitia upande wa pili wa ukuta nikaandika herufi zangu nane nikaenda kufa. Desi akaniuliza kwa nini nisipumzike kidogo. Nikamwambia wanaopumzika ni waliochaguliwa.

Shule niliisoma hivyohivyo, kwa madaftari ya kuazima ya wenzangu waliokuwa sekondari, kisha kwa mtihani wa watahiniwa wa kujitegemea. Nilifeli mara ya kwanza. Nikafeli ya pili. Shangazi mmoja akasema ningekuwa Neema ningekuwa nimeshaajiriwa, na hesabu yake ilikuwa sahihi, nami nikamwambia wazi kwamba ni sahihi na kwamba sijutii. Mara ya tatu nilifaulu. Cheti kina herufi zote kumi. Leo kazi yangu ni kuandikisha wagonjwa kwenye zahanati, kuita majina kutoka dirishani, na nikiita mtu asigeuke, namwita tena bila kumfokea, maana huwezi kujua.

Juzi niliiunganisha mashine ya Desi na televisheni yangu. Ilichukua muda, ikanguruma, ikatoa joto lilelile. Ndani yake kuna ukurasa wenye orodha ya marubani wote: Ana, Yuko, Mariselia, halafu SKOLASTI, SKOLASTI, SKOLASTI, unashuka mpaka kidole kinachoka. Wengi wameandikwa wamekufa. Wengine, wale waliozimikiwa na umeme katikati ya safari, wameandikwa wamepotea. Hao wote ni kazi ya Baba na swichi yake. Nilipowafikia hao nilicheka peke yangu, halafu nikaikumbuka asubuhi moja, miezi kadhaa baada ya Mwese.

Mpunga mpya ulikuwa umeanza kuingia kutoka Usevya na Mamba, magunia yamepangwa mpaka barabarani, wanawake wamekaa juu yake wanangoja kukobolewa. Nilikuwa kibandani, peke yangu na Desi. Nilikuwa sijawahi kufika mbali vile. Mvua nyeusi ilikuwa imekatika, mbele yangu kulikuwa na lango linalofunguliwa na ule ufunguo wa kijani, na mbele ya lango lile dude lenye macho sita ambalo wavulana hawakuwahi hata kuliona. Nilibakiwa na uhai wa kupigwa mara moja tu. Na upande wa pili nikasikia Baba anapiga hatua zake kuelekea kwenye swichi. Nilizijua hatua zile. Wanawake walikuwa wanamhimiza, jua linapanda.

Hatua zikasimama. Sikusikia mota. Nikasikia kiganja kikigonga ukuta, mara mbili.

"Mama!"

Tangu Mwese hakuwa ameniita hivyo.

"Mama, nataka kuwasha. Umefika pazuri? Nisubiri?"

Wale wanawake wakaanza kulalamika, mmoja akauliza kwa sauti anamsubiri mama gani huyo, tangu lini mama wa mzee anakaa kwenye kibanda cha gemu. Baba hakuwajibu. Alikuwa anangoja nijibu mimi. Nikaishika pedi kwa nguvu, tyubu ya baiskeli ikininata kidoleni, nikapaza sauti isikike ukutani, kwenye magunia na barabarani.

"Subiri, Baba! Bado sijafa!"